Kadi mbili za grafiki kwenye mashine moja, ya pili inapotea katikati ya kurenda: ni umeme, sloti au joto?

#1 Mchoraji_Nkuhungu
Wakuu, habari za jioni.

Nachora nyumba kwa Blender, programu ya michoro ya 3D, hapa Dodoma. Wateja wengi wanajenga Nzuguni, Ihumwa na huko njia ya Mtumba, na siku hizi mtu anataka kuiona nyumba yake kabla msingi haujachimbwa. Kadi moja ilikuwa inanichelewesha kurenda, yaani kutoa picha ya mwisho, nikaongeza ya pili. Mashine iko hivi: Ryzen 5 3600, mazabodi ya B450, RAM GB 32, pawa saplai ya wati 650 iliyokuja pamoja na kasha. Sloti ya juu kuna RTX 3060 ya GB 12, ya chini GTX 1070 ya GB 8, ya mitumba.

Kila kadi ikirenda peke yake haina neno. Zikifanya kazi pamoja, balaa. Na balaa lenyewe liko la aina mbili. Mara nyingine mashine inajizima na kuwaka upya yenyewe, kama mtu kachomoa waya ukutani. Mara nyingine mashine inabaki hai, skrini inaganda kidogo, halafu 1070 inapotea: Blender inatoa kosa la CUDA (mfumo wa NVIDIA wa kukokotoa kwa kadi), na kwenye Device Manager kadi inakaa na alama ya njano, Code 43. Nikizima na kuwasha, inarudi.

Mimi naona sloti ya pili ya mazabodi ndiyo mbovu. Fundi wa mjini anasema pawa saplai. Jirani anasema kadi ya mitumba imechoka. Nani yuko sahihi? Natanguliza shukrani.

#2 Kiti_cha_Mbele
Naweka kiti hapa. Nina mpango huo huo mwisho wa mwezi.

#3 Volti_Moja
Pawa saplai. Kadi mbili kwa wati 650 iliyokuja na kasha? Anza na 850 ndipo urudi na maswali mengine.

#4 Kijana_Chimwaga
Mkuu Volti, tupige hesabu kwanza. 3060 inakula wati 170, 1070 wati 150. Ryzen 5 3600 imeandikwa 65 lakini ikikazwa inafika 88. Mazabodi, RAM, diski na feni tuweke 50. Jumla 458. Kwenye 650 bado kuna karibu wati 200 za akiba. Saplai ikiwa nzima, inatosha.

#5 Volti_Moja
Hesabu yako ni ya wastani, Kijana. Kadi za kizazi cha 30 zinaruka: kwa sehemu ndogo mno ya sekunde kadi inavuta juu ya kiwango chake, halafu inashuka. Zikiruka zote kwa pamoja, ulinzi wa saplai unakata, na hapo ndipo mashine inazima ghafla.

Halafu 650 iliyoandikwa ubavuni si lazima yote iwe ya volti 12. Kadi hazili volti 5. Mleta uzi, fungua kasha usome kibandiko: mstari wa +12V una ampea ngapi?

#6 Mchoraji_Nkuhungu
Nimesoma. +12V imeandikwa 38A.

#7 Kijana_Chimwaga
38 mara 12 ni 456. Sisi tumepata 458. Hapo nakupa nusu, Volti.

#8 Volti_Moja
Nusu ya nini? Nataka yote 😂

#9 Mgeni_Kibaigwa
Samahani wakuu, hivi umeweka lile daraja la SLI, la kuunganisha kadi mbili, juu ya kadi? Nadhani bila daraja haziwezi kufanya kazi pamoja.

#10 Kijana_Chimwaga
Hapana ndugu. Daraja lilikuwa la gemu, na lilitaka kadi zinazofanana. 1070 ina meno yake, 3060 haina kabisa. Kwenye kizazi cha 30 ni 3090 na 3090 Ti tu zilizobakizwa, kwa daraja jipya la NVLink. Na NVIDIA waliacha kuongeza wasifu mpya wa SLI kwenye draiva tangu Januari 2021. Blender inaziona kadi kama wafanyakazi wawili tofauti, kila moja inapewa kipande chake cha picha. Unaingia kwenye mipangilio, unatia alama kadi zote mbili, basi.

#11 Mzee_wa_Mpwapwa
Mmenikumbusha mbali. Mwaka 1998 kadi za Voodoo2 za 3dfx ziliungwa mbili kwa waya mfupi, moja inachora mistari ya skrini kwa zamu na mwenzake. Baadaye NVIDIA wakanunua mali za 3dfx, na jina la SLI wakalirudisha mwaka 2004 wakiwa na mfumo wao mwingine. Wakati huo kuona kompyuta moja ilikuwa habari ya mtaa mzima, sembuse kadi mbili.

#12 Kiti_cha_Mbele
Kwa hiyo mleta uzi ana GB 12 na 8, jumla 20? Safi sana.

#13 Kijana_Chimwaga
Hazijumlishwi. Kila kadi inabeba nakala yake ya mandhari nzima. Ukiweka nyumba yenye miti mingi na nyasi halisi ikafika GB 10, 3060 inaimeza, 1070 inashindwa. Na hapa nampinga hata fundi wa mjini: kosa la CUDA kwenye 1070 laweza kuwa ni kumbukumbu imejaa. Mleta uzi, mandhari yako inakula GB ngapi?

#14 Mchoraji_Nkuhungu
Ya sasa inakula GB 5 na kidogo. Nyumba ya vyumba vinne, uzio, na mibuyu michache nyuma. Kwa hiyo haijai.

#15 Mama_Ilazo
Wanangu, habari zenu. Mimi nina mashine ya kadi mbili nyumbani kwa kazi ya video, nimepita humo. Kabla hamjanunua saplai mpya, angalieni waya. Saplai nyingi zina waya mmoja wenye vichwa viwili mwishoni. Watu wanachomeka kichwa kimoja kadi ya juu, kingine kadi ya chini, na mkondo wote unapita kwenye waya ule ule. Waya unapata moto, volti zinashuka mwishoni, kadi iliyo dhaifu inaanguka kwanza.

Sloti yenyewe inatoa hadi wati 75, kichwa cha pini 6 ni 75, cha pini 8 ni 150. Kila kadi ipewe waya wake kutoka kwenye saplai. Mchoraji mwanangu, umechomekaje?

#16 Mchoraji_Nkuhungu
Shikamoo mama. Ni waya mmoja wenye vichwa viwili. Saplai hii haina waya mwingine wa kadi.

#17 Volti_Moja
Nimesema tangu #3!

#18 Mama_Ilazo
Marahaba. Volti, wewe ulisema wati, mimi nasema waya. Saplai ya 850 ukiichomeka hivyo hivyo unarudi hapa hapa.

#19 Bodaboda_wa_Kompyuta
Kama waya hamna, kuna adapta za kutoka kichwa cha SATA kwenda pini 6, bei ndogo tu. Mimi naziuza.

#20 Mama_Ilazo
Hizo hapana. Kichwa cha SATA kwenye volti 12 kina uwezo wa ampea 4.5, yaani wati 54. Pini 6 ya kadi inaruhusiwa kuvuta 75. Plastiki inayeyuka. Nimeona iliyoyeyuka kwa macho, nyumba ilinuka hadi asubuhi. Tafadhali usimuuzie mtu kwa ajili ya kadi.

#21 Bodaboda_wa_Kompyuta
Nimekusikia mama. Za diski tu basi.

#22 Ngambo_ya_Reli
Wote mmeisahau hoja ya mleta uzi mwenyewe, kwamba ni sloti. Na ana sababu. Kwenye mazabodi nyingi za B450, sloti ya chini ni ndefu kama ya juu, lakini ndani ina njia nne tu za data, za PCIe 2.0, kizazi cha zamani, na inapitia chipseti (chipu msaidizi ya mazabodi) badala ya kwenda moja kwa moja kwenye prosesa. Kuna zinazogawana hizo njia na sloti ndogo au na M.2 ya pili, sloti ya diski. Ukichomeka diski pale, kadi inabaki na mkate mkavu. Fungua programu ya GPU-Z usome palipoandikwa Bus Interface wakati kadi inafanya kazi, maana ikipumzika inashusha kasi yenyewe. Pia kwenye BIOS washa Above 4G Decoding, inayozipa kadi nafasi zaidi ya anwani za kumbukumbu.

#23 Kijana_Chimwaga
Njia nne za 2.0 ni karibu GB 2 kwa sekunde. Ni ndogo ukilinganisha na karibu GB 16 za sloti ya juu, ila kwa kurenda mandhari inapakiwa mara moja, baada ya hapo kadi inakokotoa ndani kwa ndani. Itachelewa kuanza, haitapotea. Na Above 4G ni dawa ya Code 12, ya ukosefu wa nafasi. Yeye ana Code 43, kadi yenyewe imeripoti matatizo.

#24 Ngambo_ya_Reli
Kuchelewa si kupotea, nakubali. Ila chipseti ya B450 ina kipoza kidogo cha bati, na kadi ya chini inakikalia juu kabisa. Gusa uone lilivyo na moto.

#25 Mchoraji_Nkuhungu
Nimejaribu jambo, naleta majibu. Nimebadilishana: 1070 juu, 3060 chini. Sasa inayopotea ni 3060! Yaani iliyoko chini ndiyo inayopotea, iwe yoyote. Jirani na mambo yake ya "kadi ya mitumba imechoka" naona tumuondoe.

GPU-Z inaonyesha x4 2.0 kwa sloti ya chini, kama Ngambo alivyosema. M.2 ninayo moja tu, ile ya juu.

#26 Ngambo_ya_Reli
Sloti! Asante. Nafunga hoja.

#27 Mama_Ilazo
Usifunge. Ulipobadilisha, ulibadilisha na vichwa vya waya? Kama kichwa cha mwisho bado kiko kadi ya chini, basi umehamisha kadi lakini waya mbaya umeuacha pale pale.

#28 Mchoraji_Nkuhungu
Kichwa cha mwisho kimebaki chini, mama.

#29 Volti_Moja
😂😂 Ngambo, fungua hoja tena.

#30 Upepo_wa_Kiangazi
Mimi nashangaa mmefika #29 hakuna aliyetaja hewa ya Dodoma. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa hapa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko Dar, feni inazunguka vilevile lakini inabeba joto pungufu kuliko kule Dar. Ongeza vumbi. Kuanzia mwezi wa saba upepo unapoanza kuvuma, mimi nikifungua mashine yangu Ipagala kuna udongo mwekundu wa kupandia mchicha. Kadi ya juu inavuta hewa iliyokwisha kupashwa na kadi ya chini. Weka nyuzi za joto hapa tuone.

#31 Mchoraji_Nkuhungu
Kadi ya juu inafika nyuzi 83, ya chini 78.

#32 Kijana_Chimwaga
Kikomo cha 3060 ni nyuzi 93, cha 1070 ni 94. Na kadi ikipata joto inapunguza kasi kwanza, haikimbilii kufa. Isitoshe inayopotea ni ya chini, iliyo baridi zaidi. Joto lingeua ya juu.

#33 Upepo_wa_Kiangazi
Nyuzi unazosoma ni za chipu. Kumbukumbu na zile chipu za kugawa umeme pembeni yake 1070 haikuonyeshi. Kadi ya mitumba iliyochimba sarafu miaka, pesti imekauka, vibandiko vya kumbukumbu vimekuwa biskuti. Baada ya Ethereum kuacha uchimbaji Septemba 2022, kadi za aina hiyo zilimwagika sokoni kila mahali. Ondoa ubavu wa kasha, fungua dirisha, renda usiku, tuone.

#34 Kijana_Chimwaga
Na 3060 yake mpya nayo ilipopotea ikiwa chini, pia ni biskuti?

#35 Mtu_wa_Kondoa
Nimesikia biskuti na mchicha, nimesikia njaa. Mchoraji ukimaliza hiyo nyumba tupe zabibu, msimu hauko mbali.

#36 Mchoraji_Nkuhungu
@Mtu_wa_Kondoa zitakuja, vumilia.

Majibu ya Upepo: nimeondoa ubavu, nimefungua dirisha, nimerenda tangu saa mbili usiku hadi alfajiri. Hakuna iliyopotea, mashine haikuzima. Nimefurahi. Asubuhi nikaendelea hivyo hivyo, ubavu ukiwa wazi, saa nne ikapotea tena. Kadi ya chini.

#37 Volti_Moja
Saa nne asubuhi kuna nini mtaani kwenu?

#38 Mchoraji_Nkuhungu
Jirani wa nyuma anachomelea mageti. Ujenzi ni mwingi huku, anaanza asubuhi hadi jioni.

#39 Fundi_Umeme_Miyuji
Mbukwenyi. Nilikuwa nasoma kimya, hapo mmegusa kazi yangu.

Mashine ya kuchomelea ikigusa chuma, volti za mtaa mzima zinazama kwa muda mfupi na kurudi. Taa unaiona inapepesa. Mleta uzi, una UPS au stabilaiza? Na ukigusa kasha kwa mgongo wa mkono ukiwa peku, unahisi vijisisimko?

#40 Mchoraji_Nkuhungu
UPS ninayo, imeandikwa 650VA. Stabilaiza pia, ya friji, mashine inapitia hapo hapo. Vijisisimko ndiyo, hasa nikishika nati za nyuma.

#41 Fundi_Umeme_Miyuji
Basi una matatizo matatu, siyo moja.

UPS ya 650VA siyo wati 650. Nyingi za saizi hiyo zinabeba wati 360 hadi 390. Mashine yako kwa hesabu ya Kijana inafika 458 bila monita. Umeme ukizama kidogo, UPS inahamia betri, inakuta mzigo umeizidi, inakata. Hapo unapata ile ya kuzima ghafla.

Stabilaiza ya friji inapandisha volti kwa swichi inayoruka, unasikia "ta". Katika kuruka kuna pengo dogo la umeme. Pawa saplai nzuri inastahimili kama milisekunde 16 kwa chaji iliyobaki kwenye kapasita zake. Iliyozeeka na kubebeshwa mzigo mkubwa inastahimili pungufu ya hapo. Mashine inaweza isizime, lakini volti 12 zikayumba, na kadi iliyo mwisho wa waya ikaanguka. Mama Ilazo yuko sahihi kuhusu waya, ila chanzo kinaanzia nje ya kasha.

La tatu, erthi. Ndani ya pawa saplai kuna kapasita za chujio zilizounganishwa na kasha. Erthi ikiwepo, ule mkondo mdogo unashuka ardhini. Isipokuwepo, kasha linakaa kwenye karibu nusu ya volti za ukutani, kama 115. Monita ikiwa kwenye soketi nyingine, tofauti hiyo inapitia waya wa HDMI kuingia kwenye kadi. Na Dodoma tuna la ziada: kiangazi udongo wetu unakauka hasa, na udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Fimbo ya erthi iliyopimwa safi Februari, Septemba inatoa namba nyingine kabisa. Wengi hata hiyo fimbo hawana, wana pini ya tatu ya mapambo.

#42 Bodaboda_wa_Kompyuta
Erthi si unaunganisha na nyutro humo humo ndani ya soketi? Vijisisimko vinaisha mara moja.

#43 Fundi_Umeme_Miyuji
Ndugu yangu, usifanye hivyo, na usimshauri mtu. Nyutro ikikatika njiani, kasha zima linakuwa na volti 230, na mtoto ndiye anayeligusa kwanza. Erthi ni fimbo ardhini, waya wa saizi yake, na kupimwa kwa kifaa. Mahali penye fimbo mwagieni maji kiangazi.

#44 Kijana_Chimwaga
Kwa kutenganisha magonjwa, mleta uzi angalia Event Viewer, daftari la matukio la Windows. Ile ya kuzima ghafla itaacha Kernel-Power 41, na BugcheckCode ikiwa 0 maana yake Windows haikupata hata nafasi ya kuandika kosa, umeme ulikata. Ile ya kadi kupotea itaacha nvlddmkm, yaani draiva ya NVIDIA. Saa za kila tukio uzilinganishe na saa za jirani wa mageti.

Pia weka kikomo cha umeme asilimia 70 kwa kadi zote kwenye programu ya Afterburner. Kasi itapungua, ila si kwa asilimia 30.

#45 Mchoraji_Nkuhungu
Shukrani wote. Nimeweka asilimia 70 na nimeiondoa UPS. Kuzima ghafla kumekwisha, angalau mpaka sasa. Kumbukumbu za Event Viewer: 41 zote zina BugcheckCode 0, nyingi ni za jioni watu wanapowasha majiko na pasi. Za nvlddmkm nyingi ni mchana, lakini ziko mbili za saa tisa usiku, jirani kalala, dirisha limefungwa.

#46 Upepo_wa_Kiangazi
Dirisha limefungwa. Nimemaliza.

#47 Ngambo_ya_Reli
Jirani kalala, umeme umetulia, kadi ya chini imepotea. Sloti.

#48 Mama_Ilazo
Au waya. Azima saplai yenye waya mbili za kadi kabla hujagusa kitu kingine, na ubadilishe kitu kimoja kimoja. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja hutajua kilichokuponya.

#49 Mgeni_Kibaigwa
Na draiva je? Ukihamisha kadi, Windows inaweza kubaki na mabaki ya zamani. Mimi nilisafisha kwa DDU, programu ya kufuta draiva za kadi, nikiwa Safe Mode, nikaweka moja mpya inayobeba kadi zote mbili, nikapata nafuu.

#50 Mchoraji_Nkuhungu
Rafiki yangu wa Kisasa ana saplai ya 850 yenye waya tofauti, ananiazima mwishoni mwa wiki. Nitaanza na hiyo tu, vingine vibaki vilivyo, jirani akiwa anachomelea. DDU itafuata. Erthi fundi anakuja kupima Jumatatu.

#51 Manyoni_Stesheni
Wakuu nimesoma uzi wote, asanteni. Ila mimi nina kadi moja tu, 1660, iko sloti ya juu, waya wake peke yake, na inapotea vilevile kwa Code 43. Sasa hapo tuseme nini?

#52 Fundi_Umeme_Miyuji
@Manyoni_Stesheni soketi yako ina pini ngapi, na monita umeichomeka wapi?